Mgeni Mpe Jembe: Maisha Marefu ya Wasyl Eleniak katika Mbuga za Kanada, 1859–1956

Utangulizi

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tulifundishwa methali hii shuleni kama funzo la bidii: mgeni asibweteke, ashike kazi kama wenzake. Lakini tukiitazama vizuri, methali hii inachukulia pia kwamba mwenyeji anajulikana, kwamba shamba ni lake, na kwamba jembe linatoka mkononi mwake. Je, inakuwaje pale jembe linapotolewa na mtu wa tatu, na shamba analoonyeshwa mgeni ni la watu ambao wamekwisha kusogezwa pembeni?

Swali hili lilinijia nilipokuwa nikisoma habari za Wasyl Eleniak, mkulima aliyezaliwa tarehe 22 Desemba 1859 katika kijiji cha Nebyliv, chini ya milima ya Karpati, katika nchi ambayo leo ni Ukraine, akafariki tarehe 12 Januari 1956 huko Chipman, jimbo la Alberta, magharibi mwa Kanada. Aliishi miaka 96. Yeye na mwenzake, Ivan Pylypow, ndio wanaohesabiwa kuwa mwanzo wa uhamiaji wa Waukraine kwenda Kanada.

Sisi tunaosoma Kiswahili nchini Uganda tulilikuta neno mlowezi kwanza katika habari za Kenya. Mlowezi tuliyemjua ni bwana mwenye maelfu ya ekari, farasi, na vibarua Waafrika waliobeba kipande shingoni. Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za Eleniak nilisita. Huyu alikuwa kibarua mwenyewe. Alitoka katika ukoo wa wakulima waliowahi kutumikishwa na makabaila, akafika ng'ambo na fedha kidogo sana. Je, naye ni mlowezi? Au ni mhamiaji tu? Au baada ya miaka zaidi ya 60 alikuwa mwenyeji? Katika insha hii nitayafuata maisha yake hatua kwa hatua, kisha nitarudi kwenye maneno hayo matatu. Hoja yangu ni kwamba Eleniak alistahili kila mkate aliokula, lakini hatuwezi kuyaeleza maisha yake kikamilifu bila kuwaleta katika hadithi watu wa Cree, ambao ardhi yao ndiyo iliyoitwa ya bure.

Nebyliv: ardhi ndogo na msitu wa bwana

Wakati Eleniak anazaliwa, Nebyliv ilikuwa katika Galicia, mkoa wa dola la Austria. Miaka 11 tu ilikuwa imepita tangu 1848, mwaka ambao wakulima wa Galicia walifunguliwa kutoka kwenye kazi ya lazima katika mashamba ya makabaila. Wazazi wa kizazi chake walikumbuka vizuri siku za juma walizofanya kazi bila ujira kwa bwana.

Uhuru huo ulikuwa na kasoro mbili. Kwanza, vipande vya ardhi walivyopata wakulima vilikuwa vidogo, na kila baba alipofariki viligawanywa kwa watoto wake wote. Baada ya vizazi viwili, familia nyingi zilikuwa na chini ya hekta 5, na nyingine hata 2 hazikufika. Pili, misitu na malisho vilibaki mikononi mwa mabwana. Chini ya utaratibu wa zamani, wanakijiji walikuwa na haki ya kuokota kuni na kulisha ng'ombe katika msitu. Baada ya 1848 haki hizo zilipingwa mahakamani, na mara nyingi wakulima walishindwa. Mtu alikuwa huru, lakini hakuwa na kuni za kupikia.

Jambo hili la kuni linaweza kuonekana dogo. Nimelikazia kwa sababu litatusaidia kuelewa uamuzi ambao Waukraine waliufanya baadaye huko Kanada, uamuzi uliowashangaza maofisa wengi.

Nebyliv ilikuwa na faida moja juu ya vijiji vingine. Iko kando ya mto, karibu na milima, na wanaume wake wengi walifanya kazi ya mbao: kukata miti, kuisafirisha, kuielekeza majini. Kazi hiyo iliwakutanisha na watu wa mbali, wakiwemo Wajerumani. Baadhi ya familia za Kijerumani za eneo hilo zilikuwa zimekwisha kuhamia Kanada na zilikuwa zikiandika barua. Pylypow, ambaye alikuwa amesoma kidogo, alisikia habari za nchi hiyo shuleni, kisha akazisikia tena kutoka kwa Wajerumani. Akaanza kuulizia.

Safari ya 1891

Waliondoka kijijini watu watatu: Pylypow, Eleniak, na Yurko Panischak, shemeji yake Pylypow. Mpakani walitakiwa waonyeshe fedha. Panischak hakuwa na kiasi cha kutosha, akarudishwa. Kila nisomapo sehemu hii humfikiria yeye. Historia ingeweza kusema watatu, ikasema wawili, na tofauti ilikuwa ni noti chache mfukoni.

Wawili hao walipitia Ujerumani, wakavuka bahari, na tarehe 7 Septemba 1891 wakafika Montreal. Kutoka hapo walisafiri kwa treni hadi Winnipeg, wakaenda kuangalia ardhi sehemu ambayo leo ni Saskatchewan, walikokuwa Wajerumani waliowajua, wakasonga hadi Alberta. Hawakuwa wameamua kuhama moja kwa moja. Walikuwa wapelelezi wa kijiji: waione nchi, wapime udongo, warudi na neno.

Fedha zilipokuwa zinakwisha walirudi mashariki hadi Gretna, katika jimbo la Manitoba, kusini karibu na mpaka wa Marekani, wakapata kazi ya kupura ngano katika mashamba ya Wamennonite. Hapa historia ina mzaha wake. Wamennonite hao walizungumza Kijerumani, lakini walikuwa wamehamia Kanada katika miaka ya 1870 kutoka nyika za Ukraine, zilizokuwa chini ya mfalme wa Urusi. Hivyo waajiri wa kwanza wa Mukraine wa kwanza walikuwa watu waliotoka karibu na kwao kuliko Mkanada yeyote.

Majira ya baridi yalipoanza, Pylypow alirudi Galicia kuchukua familia. Eleniak alibaki Gretna akifanya kazi. Kijijini, Pylypow aliwasimulia watu juu ya ekari 160 kwa ada ya dola 10, nao wakaona kama ndoto. Wenye mamlaka hawakufurahi, kwa sababu kabaila bila vibarua ni mtu wa kawaida tu. Pylypow alikamatwa, akashtakiwa kuhusiana na kuwashawishi watu wahame, na akafungwa mwezi mmoja. Hata hivyo neno lilikuwa limetoka. Mwaka 1892 familia za kwanza kutoka Nebyliv zilifika Alberta na kuanzisha makazi ya Edna-Star, mashariki mwa Edmonton. Pylypow mwenyewe alifika 1893.

Hapa sina budi kusema neno juu ya ushahidi. Sehemu kubwa ya habari za safari hii inatokana na mazungumzo ya wazee wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mwalimu na mwandishi Ivan Bobersky aliwahoji na kuandika walichosema. Miaka ipatayo 40 ilikuwa imepita. Wanahistoria wanaotilia shaka masimulizi ya wazee wa Afrika wakumbuke kwamba mwanzo wa historia ya jamii hii ya Kanada, yenye kumbukumbu nyingi za serikali, nao umeshikiliwa na kumbukumbu za wakulima wawili wazee.

Kibarua anakuwa na shamba

Tofauti na Pylypow, Eleniak hakukimbilia kuchukua ardhi. Alifanya kazi kwa watu kwa miaka kadhaa, akaenda kuichukua familia yake, akaendelea kufanya kazi Manitoba. Ni mwaka 1898 tu, akiwa na umri wa miaka 38, ndipo alipohamia karibu na Chipman, Alberta, na kuanza shamba lake. Miaka 7 ya ukibarua si jambo la kupita haraka. Mhamiaji maskini hakuweza kulima kwa ada ya dola 10 peke yake. Alihitaji maksai, jembe la kukokotwa, mbegu, jiko, misumari, na chakula cha kumfikisha kwenye mavuno ya kwanza.

Sheria iliyompa ardhi ilikuwa ya mwaka 1872. Mwanamume mwenye umri wa kutosha aliandikisha ekari 160, yaani karibu hekta 65. Alitakiwa akae hapo miaka 3, ajenge nyumba, na avunje sehemu ya ardhi. Akitimiza masharti, hati ilikuwa yake. Mwanamke hakuruhusiwa, isipokuwa awe mkuu wa familia, kwa kawaida mjane mwenye watoto. Jambo hili halikuwazuia wanawake kufanya kazi. Mara nyingi mume alikwenda kutafuta fedha kwenye ujenzi wa reli au migodini, na mke akabaki kukandika nyumba, kung'oa visiki na kulinda watoto peke yake, wakati wa baridi inayofika nyuzi 40 chini ya sifuri.

Hapa ndipo suala la kuni linaporudi. Ardhi rahisi kulima ilikuwa mbuga tupu ya kusini, isiyo na mti hata mmoja. Waukraine wengi waliipita na kuchagua ukanda wa kaskazini wenye vichaka vya mipopla, mabwawa na visiki. Maofisa waliona ni ujinga. Lakini mtu aliyekulia mahali ambapo kuokota kuni katika msitu wa bwana kungeweza kumpeleka mahakamani hakuona vichaka. Aliona mbao za nyumba, kuni za maisha yote, uzio na malisho, vyote vyake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Waukraine walikuwa wameumwa na uhaba wa kuni, na hawakutaka kuumwa tena.

Makazi yao ya kwanza yalikuwa shimo lililochimbwa ardhini na kuezekwa kwa miti na udongo wa nyasi. Mwaka uliofuata walijenga nyumba ya magogo, wakaikandika kwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya wanyama, wakaipaka chokaa, wakaezeka kwa nyasi. Ndani waliweka tanuri kubwa la udongo. Msomaji wa kwetu hahitaji maelezo zaidi ya jinsi udongo huo unavyokandwa kwa miguu. Majirani waliozungumza Kiingereza, wenye nyumba za mbao zilizopasuliwa, walizicheka nyumba hizo. Lakini zilihifadhi joto vizuri, na vifaa vyake havikununuliwa dukani.

Mwaka 1895 Osyp Oleskiv, mtaalamu wa kilimo kutoka Galicia, alitembelea Kanada na kuandika vijitabu vya kuwaelekeza wakulima. Mwaka 1896 Clifford Sifton akawa waziri aliyesimamia ardhi ya magharibi. Aliwataka hasa wakulima wavumilivu wa Ulaya ya mashariki, wale wenye makoti ya ngozi ya kondoo, ambao wengine waliwaona washenzi. Kufikia 1914 Waukraine wapatao 170,000 walikuwa wameingia Kanada. Mwaka 1905 Alberta ikawa jimbo, na mwaka huo huo reli mpya ilifika Edmonton ikipitia eneo la Chipman. Ngano sasa iliweza kufika sokoni. Eleniak alilima na wanawe, na kwa maelezo yote alikuwa mkulima wa kawaida: hakuwa tajiri wala kiongozi wa siasa. Alikaa.

Ardhi ilikuwa ya nani?

Mpaka hapa nimesimulia kama inavyosimuliwa kwa kawaida: mtu maskini, ardhi tupu, bidii, mafanikio. Sasa niulize swali ambalo kila mwanafunzi wa historia ya Afrika Mashariki atauliza. Ardhi hiyo ilikuwa tupu tangu lini?

Eneo la Chipman limo ndani ya Mkataba wa Sita, uliotiwa saini mwaka 1876 kati ya wawakilishi wa Malkia wa Uingereza na machifu wa Cree na majirani zao. Machifu wa eneo la Edmonton walijiunga nao mwaka uliofuata. Nyati wa Amerika, waliokuwa chakula, nguo na nyumba ya watu hao, walikuwa wakitoweka, na machifu waliona njaa inakuja. Walitaka kujifunza kilimo, na walijadiliana kwa makini juu ya vifaa. Ndani ya mkataba huo imeandikwa kwamba kila familia itakayolima itapewa majembe ya mkono 4, na kila familia 3 zitapewa jembe moja la kukokotwa. Nilipoisoma sehemu hiyo niliikumbuka methali yetu. Hapa mgeni ndiye anayempa mwenyeji jembe, na badala yake anapokea nchi nzima.

Watu wa Cree walilima. Baadhi yao walivuna ngano, wakachanga fedha na kununua mashine kama walowezi wengine. Ndipo walowezi wakalalamika kwamba wanashindana nao sokoni. Kuanzia 1889 hadi 1897, chini ya ofisa Hayter Reed, serikali iliendesha sera ya kuwazuia watu hao kutumia mashine. Waliambiwa walime vishamba vidogo kwa vifaa vya mkono, wapande kwa mkono, wavune kwa mundu, wapure kwa mkono. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wanapaswa kwanza kupitia hatua ya wakulima wadogo kama wale wa nchi nyingine, ndipo waendelee mbele.

Tutazame tarehe. Miaka ile ile ambayo Wacree waliamriwa waishi kama wakulima maskini wa Ulaya, wakulima maskini wa Ulaya wenyewe, Eleniak akiwa mmoja wao, walikuwa wakipokelewa na kuahidiwa ekari 160 ili waache kuishi hivyo. Eleniak alipokuwa Gretna akihudumia mashine ya kupura, Mcree wa magharibi alikatazwa kuitumia.

Kuna zaidi. Mcree alihitaji kibali cha ofisa ili auze ngano yake. Eleniak alimuuzia amtakaye. Baada ya mapambano ya mwaka 1885, Mcree aliyetaka kutoka nje ya eneo lililotengwa alitakiwa awe na cheti cha ofisa, ingawa Bunge halikuwahi kutunga sheria ya namna hiyo. Kwetu Afrika Mashariki tunalo neno lake: kipande. Eleniak alitembea kutoka jimbo hadi jimbo akitafuta udongo mzuri. Na mwaka 1888, miaka 3 tu kabla ya wapelelezi wa Nebyliv kufika Alberta, eneo lililotengewa kundi la Papaschase, kusini mwa Edmonton, lilichukuliwa na serikali.

Sisemi kwamba Eleniak aliyajua haya yote. Alikuwa Gretna akifunga miganda, mgeni wa lugha na wa sheria. Ninachosema ni kwamba ekari zake hazikuwa za bure. Bei yake ilikwisha kulipwa na mtu mwingine kabla hajafika.

Jina lisilotulia

Pamoja na hayo, tusifikiri kwamba Eleniak alipokelewa kama ndugu. Kwa miongo kadhaa watu wake hawakuitwa hata kwa jina moja. Waliandikwa Wagalicia, Waruthenia, Wabukovina, Waaustria, wakati mwingine Wapolandi au Warusi. Jina Mukraine lilienea taratibu, na watoto wa Alberta walilipata ukubwani.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, cheti kilichosema Austria kikawa hatia. Watu 8,579 walifungwa katika kambi 24 nchini Kanada, na zaidi ya 5,000 kati yao walikuwa Waukraine. Wengine wapatao 80,000, wengi wao Waukraine, walitakiwa kujiandikisha na kuripoti kwa polisi. Waliofungwa walikuwa hasa vibarua wasio na ajira, watu wa aina aliyokuwa Eleniak miaka yake ya kwanza. Baadhi yao walijenga barabara katika hifadhi ya Banff, Alberta hiyo hiyo. Mwaka 1917 sheria iliwanyima kura raia waliozaliwa katika nchi za adui na kupata uraia baada ya 31 Machi 1902. Aliyekuja mapema kidogo alipona na aliyechelewa alinyimwa, ingawa walitoka kijiji kimoja.

Shule nazo zikawa uwanja wa mapambano. Mwaka 1913 serikali ya Alberta iliwaondoa walimu wa Kiukraine katika shule za wilaya zao, na mwaka 1916 Manitoba ikafuta shule za lugha mbili. Kwa wanafunzi wa lugha, hili si jambo la kupita. Wazee waliolima kwa Kiukraine waliwaona wajukuu wakiota kwa Kiingereza.

Lakini mambo yalibadilika pia. Mwaka 1926 Michael Luchkovich alichaguliwa kutoka Vegreville, mji ulio karibu na Chipman, akawa mbunge wa kwanza Mukraine katika Bunge la Kanada. Mwaka 1931 alisimama bungeni kuzungumzia mateso ya Waukraine huko Galicia, iliyokuwa sasa chini ya Poland. Kwa kuwa Nebyliv haikutulia. Tangu Eleniak aondoke, kijiji chake kilitoka Austria, kikawa chini ya jamhuri fupi ya Waukraine, kisha Poland, kisha Muungano wa Sovieti mwaka 1939, kisha Wajerumani mwaka 1941, kisha Wasovieti tena mwaka 1944. Mzee alikaa kwenye shamba moja wakati kijiji alichokihama kilihama kutoka dola moja hadi nyingine bila kusogea hata hatua.

Raia wa siku moja

Tarehe 3 Januari 1947, katika jengo la Mahakama Kuu mjini Ottawa, watu 26 walipewa vyeti vya uraia wa Kanada. Kabla ya hapo hapakuwa na raia wa Kanada kwa maana ya sheria. Wakanada wote walikuwa raia wa mfalme wa Uingereza. Sheria mpya ilianza tarehe 1 Januari. Cheti cha kwanza alipewa waziri mkuu mwenyewe, Mackenzie King. Katika waliofuata alikuwepo mpigapicha maarufu Yousuf Karsh, aliyezaliwa katika familia ya Kiarmenia. Na alikuwepo mkulima kutoka Chipman, Wasyl Eleniak, mwenye umri wa miaka 87.

Napenda tukio hili. Kwa mara moja, mkuu wa serikali na kibarua wa zamani wa Gretna wanakuwa raia siku ile ile, chumba kile kile. Hakuna aliyetangulia. Mtu aliyewahi kuitwa mshenzi wa ngozi ya kondoo anawekwa mbele ya taifa kama mfano wake.

Lakini nilipoisoma sheria hiyo zaidi nilikuta pengo. Ilivyoandikwa haikuwataja wazi Wacree na mataifa mengine ya asili waliokuwa chini ya Sheria ya Wahindi, wala watu wa Inuit wa kaskazini. Ilibidi sheria irekebishwe, nao wakatambuliwa kuwa walikuwa raia tangu 1 Januari 1947. Marekebisho hayo yalifanywa mwaka 1956, mwaka ule ule Eleniak aliofariki. Haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa taifa, bila sharti la kuacha hadhi yao ya kimkataba, waliipata mwaka 1960. Kwa hiyo yule aliyekuja mwaka 1891 akiuliza njia aliitwa raia wazi mbele ya waziri mkuu, na wale waliomwachia njia walisubiri miaka 9 zaidi ili waambiwe kwamba nao walikuwa wamo.

Hitimisho

Nirudi kwenye maneno matatu. Mhamiaji, ndiyo: Eleniak alihama, na sababu zake, njaa ya ardhi na ya kuni, zinaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuona shamba la babu likigawanywa kwa ndugu saba. Mlowezi, nadhani pia ndiyo, ingawa nilianza insha hii nikikataa. Kulowea ni kuhamia mahali na kukaa moja kwa moja, na neno lenyewe halisemi kwamba mtu awe tajiri au awe na vibarua. Vitabu tulivyosoma ndivyo vilivyolivisha neno hilo kofia na bunduki. Mlowezi anaweza kuwa maskini, anaweza kuwa amedhulumiwa kwao, anaweza kufanya kazi mpaka mikono ipasuke, na bado akaishi juu ya ardhi iliyoporwa na wengine kwa ajili yake.

Mwenyeji? Hapa nasita. Mtu aliyekaa miaka 58 mahali pamoja, akazika na kuzikwa hapo, hawezi kuitwa mgeni milele. Sisi wenyewe katika nchi zetu tumewaona watu wakiitwa wageni baada ya vizazi vitatu, na tunajua maneno hayo huishia wapi. Siwezi kumnyima mzee wa Chipman kile ambacho nisingependa jirani yangu anyimwe. Lakini kumwita mwenyeji kusiwe njia ya kuwafuta waliokuwepo. Wenyeji wanaweza kuwa wawili, mradi wote wawili wahesabiwe.

Mwaka 1991 Waukraine wa Kanada waliadhimisha miaka 100 tangu 7 Septemba 1891. Mwaka huo huo Ukraine ilipata uhuru, na tarehe 2 Desemba Kanada na Poland zikawa nchi za kwanza kuutambua. Naamini Eleniak na Pylypow wana sehemu katika jambo hilo, kwani taifa lililojaa wajukuu wa Galicia halikuhitaji kuelezwa Ukraine ni nini.

Nikimaliza, nairudia methali. Eleniak alipewa jembe, akalitumia, na hakuna wa kumlaumu kwa kulima. Ila kwenye masimulizi ya maisha yake huwa tunaambiwa alichopanda na alichovuna tu. Nashauri sisi tunaosoma historia ya wahamiaji, wa Kanada au wa kwetu, tuwe na desturi ya kuuliza swali moja zaidi kabla ya kufunga kitabu: jembe lilitoka kwa nani, na shamba lilikuwa la nani?